Barakoa ya upasuaji au N95: mhudumu wa afya avae ipi, wapi, na kwa sababu gani

Katika oda ya vifaa vya kituo cha afya, mstari wa barakoa huonekana mdogo ukilinganishwa na mistari ya dawa, lakini ndani yake kuna uamuzi unaogusa mapafu ya kila mtu anayefanya kazi pale. Upande mmoja kuna barakoa ya upasuaji, ile bapa yenye mikunjo mitatu na kamba za masikioni, inayopatikana kwa urahisi na kwa bei nafuu. Upande wa pili kuna N95, ngumu kidogo, iliyoumbwa kama kikombe au mdomo wa bata, yenye mikanda miwili ya kuzungusha kichwani, na ambayo bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kwanza. Mganga mfawidhi mwenye bajeti finyu hana budi kuamua anunue ngapi za kila aina na awape akina nani.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Hizi ni zana mbili zilizobuniwa kwa kazi mbili tofauti, na kosa linalowagharimu wahudumu wengi ni kuzichukulia kama daraja la chini na daraja la juu la kitu kimoja. Kwa maambukizi yanayoelea hewani kwa saa nyingi, hasa kifua kikuu, mhudumu anahitaji N95 iliyomkaa barabara, katika chumba kinachopitisha hewa. Kwa damu na majimaji yanayoruka, na kwa mgonjwa mwenyewe anayekohoa, barakoa ya upasuaji ndiyo inayofaa. N95 iliyogawiwa bila kupimwa usoni mwa mvaaji ni fedha iliyopotea kwa sehemu kubwa, na nitaonyesha kwa hesabu kwa nini nasema hivyo.

Kazi ambayo kila moja ilipewa

Barakoa ya upasuaji ilibuniwa kwa ajili ya mgonjwa aliyelala mezani, ili mate na matone yatokayo kinywani mwa daktari yasianguke kwenye jeraha. Baadaye ikapewa kazi ya pili, nayo ni kumkinga mvaaji dhidi ya damu inayoruka. Vipimo vyake vinafuata kazi hizo mbili. Kiwango cha Marekani kiitwacho ASTM F2100 hurusha damu bandia kwa shinikizo la milimita 80, 120 au 160 za zebaki, kulingana na daraja la 1, la 2 au la 3, kisha mpimaji huangalia kama upande wa ndani umelowa. Kipimo kingine hutumia matone yenye bakteria wa Staphylococcus aureus, ambayo ukubwa wake ni wastani wa mikromita 3 (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Daraja la 1 linatakiwa kuzuia angalau asilimia 95 ya bakteria hao, na madaraja mawili ya juu asilimia 98. Ulaya hutumia kiwango cha EN 14683, na barakoa inayostahimili majimaji huandikwa IIR. Hakuna hata hatua moja katika vipimo hivi inayouliza kama hewa inapenya pembeni mwa shavu.

N95 ilitokana na mahitaji mengine kabisa, yale ya wafanyakazi wanaovuta vumbi migodini na viwandani. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilianza kutumia taratibu zake za sasa za upimaji mwaka 1995. Hewa yenye chembe za chumvi hupitishwa kwenye chujio kwa kasi ya lita 85 kwa dakika, ambayo ni kasi ya mtu anayefanya kazi nzito, na chujio linatakiwa kunasa angalau asilimia 95 ya chembe hizo. Ukubwa wa chembe umechaguliwa makusudi uwe ule unaolishinda chujio zaidi, yaani karibu na mikromita 0.3. Zile za Ulaya ziitwazo FFP2 hunasa angalau asilimia 94 kwa kasi ya lita 95 kwa dakika, na pamoja na hilo hujaribiwa usoni mwa watu ili kuona hewa kiasi gani inavuja kuingia ndani. FFP3 ni kali zaidi, na KN95 ni kiwango cha China kinachokaribiana na hizo kwa upande wa chujio.

Wapo wanaodhani kwamba kadiri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo inavyopenya kwa urahisi. Sivyo ilivyo. Chembe kubwa ina uzito, na hewa inapokata kona kati ya nyuzi, chembe hiyo hushindwa kukata kona na kugonga uzi. Chembe ndogo sana husukumwa huku na huku na molekuli za hewa, ikatangatanga mpaka ikagusa uzi na kunata. Zinazopona ni zile za katikati, ambazo hazina uzito wa kugonga wala wepesi wa kutangatanga. Mwanakemia wa Marekani Irving Langmuir alilifikia jambo hili kwa hesabu wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alipokuwa akichunguza vichujio vya moshi, na namba ya 0.3 inatokana na kazi hiyo. Watengenezaji wa leo huongeza nguvu ya tatu: nyuzi laini za plastiki ya polipropilini hupewa chaji ya umemetuamo inayodumu, nayo huvuta chembe bila kuhitaji kitambaa kizito kinachobana pumzi.

Chaji hiyo ndiyo sababu N95 haifuliwi. Sabuni na spiriti huiondoa, na mvaaji hawezi kujua, kwa sababu barakoa iliyopulizwa spiriti huonekana safi na hupitisha pumzi vizuri tu, huku uwezo wake wa kunasa chembe ukiwa umeshuka sana. Mhudumu anayefua N95 yake kwa nia njema jioni ili aivae kesho anavaa kitu ambacho kimebaki na umbo tu.

Kingo za barakoa, mahali ambapo mambo huharibika

Tuchukue mfano wa hesabu. Chujio la N95 linapitisha asilimia 5 ya chembe. Ikiwa hewa yote inapita kwenye chujio, mvaaji anavuta asilimia 5. Sasa tuseme barakoa hiyo imekaa vibaya kwenye daraja la pua, na sehemu moja ya tano ya hewa inaingilia pembeni bila kuchujwa. Sehemu nne za tano zilizobaki zinaleta asilimia 4, na ule uvujaji unaleta asilimia 20, jumla asilimia 24. Kinga imeshuka karibu mara tano, ingawa kitambaa ni kilekile na boksi lililonunuliwa ni lilelile. Mtu angeweza hata kubadili chujio likawa la asilimia 99 na bado angevuta asilimia 20.8. Hapo ndipo inapoonekana kwamba kwa barakoa ya aina hii, kingo zina uzito kuliko kitambaa.

Barakoa ya upasuaji haina kingo za kuziba. Iangalie kwa mtu aliyeivaa: kuna nafasi kando ya mashavu yote mawili, na anapovuta pumzi hewa hupita pale penye njia rahisi. Hata kama kitambaa chake ni kizuri, na mara nyingi ni kizuri kweli, haiwezi kuahidi kiwango chochote cha kinga dhidi ya chembe ndogo zinazoelea. Kwa N95 iliyopimwa vizuri, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, hukadiria kwamba mvaaji atavuta si zaidi ya sehemu moja ya kumi ya chembe zilizopo chumbani. Makadirio hayo yana sharti: mvaaji awe amepimwa na awe amefundishwa.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine ya gharama. Kuna mashine inayohesabu chembe ndani na nje ya barakoa, lakini njia rahisi hutumia kofia kubwa ya plastiki inayofunika kichwa mpaka mabegani, na dawa chungu au tamu inayopulizwa ndani yake. Kwanza mtu hupuliziwa bila barakoa ili ijulikane kama ulimi wake unaonja dawa hiyo na kwa kipimo gani. Kisha huvaa N95, hupuliziwa tena, na hutakiwa kupumua kawaida, kuvuta pumzi ndefu, kugeuza kichwa kulia na kushoto, kukiinua na kukiinamisha, kuongea kwa sauti, na kuinama kama anayemhudumia mgonjwa kitandani. Akionja uchungu wakati wowote, barakoa hiyo haimfai, na hujaribiwa ya umbo au saizi nyingine. Sheria ya Marekani hutaka kipimo hiki kirudiwe kila mwaka, na pia pale uso unapobadilika, kwa mfano mtu akikonda au akinenepa sana au aking'olewa meno.

Jambo linalopaswa kutuhusu sisi Afrika Mashariki ni kwamba, kwa miongo kadhaa, vipimo vya nyuso vilivyotumika kuzijaribu barakoa hizi vilitokana na wanajeshi wa anga wa Marekani waliopimwa mwaka 1967 na 1968. Muuguzi mwenye uso mdogo na daraja la pua lililo bapa hakuwemo kwenye hesabu hiyo. Hivyo kituo kinachoagiza muundo mmoja, saizi moja, kinaweza kujikuta na boksi zilizojaa stoo ambazo haziwazibi nusu ya watumishi wake. Ni bora kuomba aina mbili tatu kwa uchache, kuwapima watumishi, ndipo oda kubwa ifuate majibu ya vipimo.

Mambo mengine mawili huharibu kingo bila watu kuyatilia maanani. La kwanza ni ndevu: hata zile za siku mbili, zikipita chini ya ukingo, huiachia hewa njia, na hapo hakuna ufundi wa kuvaa unaosaidia. La pili ni mtandio. Mkanda wa juu wa N95 unatakiwa kukaa utosini na wa chini shingoni chini ya masikio, na ukingo wote uguse ngozi. Muuguzi anayevaa hijabu avae mikanda kwanza, moja kwa moja kichwani au juu ya kofia nyepesi ya ndani, ndipo hijabu ije juu yake. Kitambaa kikikaa kati ya ukingo na shavu, barakoa haijavaliwa. Na kila mara, kabla ya kuingia wodini, mvaaji abonyeze waya wa puani kwa vidole vya mikono yote miwili, afunike barakoa kwa viganja, apulize na avute pumzi, asikilize kama kuna upepo machoni au mashavuni. Ukaguzi huu huchukua sekunde chache tu, lakini hauchukui nafasi ya kile kipimo cha kofia.

Majaribio yaliyofanyika hospitalini

Msomaji anayefuatilia tafiti anaweza kuuliza: kama N95 ni bora kiasi hicho, mbona majaribio hayaonyeshi tofauti kubwa? Swali ni la haki na linastahili jibu kamili.

Jaribio la Ontario, Kanada, lililochapishwa mwaka 2009, liliwagawa wauguzi 446 kwa bahati nasibu. Mafua ya influenza yaliwapata asilimia 23.6 ya waliovaa barakoa za upasuaji na asilimia 22.9 ya waliovaa N95, yaani hakuna tofauti ya kusema. Jaribio kubwa zaidi la Marekani, lililochapishwa mwaka 2019, lilihusisha watumishi 2,862 katika maeneo 137 ya wagonjwa wa nje, na influenza iliyothibitishwa maabara ilitokea kwa asilimia 8.2 upande wa N95 na asilimia 7.2 upande wa barakoa ya upasuaji. Wakati wa UVIKO-19, watumishi 1,009 katika vituo 29 vya Kanada, Israeli, Pakistani na Misri walifuatiliwa, na maambukizi yalikuwa asilimia 10.46 kwa barakoa ya upasuaji na asilimia 9.27 kwa N95. Mipaka ya makadirio ya utafiti huo ni mipana: matokeo yake yanaafikiana na barakoa ya upasuaji kupunguza hatari kwa asilimia 23, na pia yanaafikiana nayo kuiongeza kwa asilimia 69. Makadirio mapana hivyo hayatoshi kumwambia mtu kwamba zana mbili ni sawa.

Upande mwingine kuna jaribio la Beijing lililochapishwa mwaka 2013, lenye watumishi 1,669 katika hospitali 19. Hapo waligawanywa makundi matatu: waliovaa barakoa za upasuaji zamu nzima, waliovaa N95 pale tu walipofanya kazi za hatari, na waliovaa N95 zamu nzima. Dalili za ugonjwa wa njia ya hewa ziliwapata asilimia 17 ya kundi la kwanza, asilimia 11.8 ya la pili, na asilimia 7.2 ya la tatu. Kwa virusi vilivyothibitishwa maabara tofauti haikuwa wazi hivyo, na hilo lazima lisemwe.

Nikiyasoma kwa pamoja, naona mambo mawili. Kwanza, katika jaribio la Marekani watumishi walitakiwa kuvaa pale walipokaribia mgonjwa mwenye dalili, umbali wa futi 6 hivi. Virusi vya mafua, hata hivyo, viko pia kwenye chumba cha chai, kwenye basi na nyumbani kwa watoto, mahali ambapo hakuna aliyevaa chochote. Zana nzuri inayovaliwa kwa sehemu ya siku haiwezi kuonyesha uwezo wake wote. Jaribio la Beijing, ambalo kundi moja lilivaa zamu nzima, ndilo lililoonyesha pengo. Pili, na hili ndilo zito kwetu, hakuna hata moja kati ya majaribio haya manne lililopima maambukizi ya kifua kikuu. Kuyachukua majibu ya influenza ya Ontario na kuyaweka kwenye kliniki ya kifua kikuu ya Temeke au Kisumu ni kujibu swali ambalo halikuulizwa. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zote zilikuwemo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu, na kwa mhudumu wa nchi hizi hilo ndilo swali la kila siku.

Vitambaa vya kushona havimo katika ulinganisho huu, lakini kwa kuwa vilienea sana mwaka 2020, itoshe kusema kwamba jaribio la Hanoi la mwaka 2015, lenye watumishi 1,607, lilikuta magonjwa yanayofanana na influenza yakiwa mengi zaidi kwa waliovaa barakoa za kitambaa kuliko waliovaa za upasuaji. Kitambaa kisiingie wodini kama kinga ya mhudumu.

Hewa ya chumba katika hesabu

Kifua kikuu husafiri kwa chembe za mikromita 1 hadi 5, zinazobaki baada ya tone la makohozi kukauka hewani. Mtafiti wa Marekani William Firth Wells alieleza katika miaka ya 1930 jinsi matone madogo yanavyokauka kabla ya kufika chini. Baadaye yeye na mwenzake Richard Riley walithibitisha huko Baltimore, Marekani, kwamba hewa itokayo wodi ya kifua kikuu, ikipitishwa kwa bomba hadi kwenye vizimba vya simbilisi, inawaambukiza wanyama ambao hawajawahi kuwa chumba kimoja na mgonjwa. Kutokana na kazi yao kuna kanuni inayoruhusu kukadiria hatari ya mtu kwa kuzingatia mgonjwa anatoa kiasi gani, mhudumu anavuta hewa kiasi gani, anakaa muda gani, na hewa safi kiasi gani inaingia.

Tukadirie basi. Chumba ni cha mita 4 kwa 5, dari mita 3, ujazo wa mita za ujazo 60. Mgonjwa hajaanza dawa, na anatoa dozi 13 za kuambukiza kwa saa, kiwango kilichowahi kukadiriwa kwa mfanyakazi mmoja wa Marekani aliyewaambukiza wenzake ofisini. Muuguzi anavuta mita za ujazo 0.6 kwa saa, na jumla ya saa zake ndani ya chumba hicho ni 8. Madirisha yakiwa yamefungwa na hewa ikibadilika mara 2 tu kwa saa, hatari yake bila barakoa ni asilimia 40. Akivaa barakoa ya upasuaji, na tukichukulia kwa ukarimu kwamba inapunguza chembe kwa nusu, hatari ni asilimia 23. Akivaa N95 iliyomkaa barabara, ni asilimia 5.

Sasa tufungue madirisha ya pande mbili, hewa ibadilike mara 12 kwa saa. Bila barakoa yoyote hatari imeshuka hadi asilimia 8. Akiongeza barakoa ya upasuaji ni asilimia 4, na akiongeza N95 ni chini ya asilimia 1. Namba hizi ni za mfano, nazo zitabadilika kwa kila chumba na kila mgonjwa, lakini uwiano wake ndio unaofundisha: muuguzi mwenye barakoa ya upasuaji katika chumba kinachopepea yuko salama kidogo kuliko mwenye N95 katika chumba kilichofungwa. N95 ile inayovuja kwa moja ya tano, katika chumba kilichofungwa, inamwacha kwenye asilimia 12.

Madirisha hayo si ndoto. Watafiti waliopima hospitali za Lima, Peru, na kuchapisha matokeo mwaka 2007, walikuta kwamba vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadilisha hewa mara 28 kwa saa, ilhali vyumba vyenye mitambo ya hewa vilibadilisha mara 12. Majengo ya kabla ya mwaka 1950, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, yalifika mara 40. Wodi nyingi za zamani za hospitali zetu zimejengwa kwa mtindo huohuo, na inasikitisha kuona pale zinapokarabatiwa kwa kushusha dari na kuziba madirisha ili kufunga kiyoyozi kinachozungusha hewa ileile. Shida halisi ni usiku, katika maeneo ya baridi kama Njombe au Limuru, ambako wagonjwa hufunga kila kitu. Kwa zamu ya usiku katika maeneo hayo, N95 ina umuhimu kuliko mchana.

Mgonjwa avae ya upasuaji

Kuna sehemu moja ambapo barakoa ya bei nafuu inaishinda ya gharama, nayo ni usoni mwa mgonjwa. Huko eMalahleni, Afrika Kusini, wagonjwa 17 wa kifua kikuu sugu walikaa katika wodi ambayo hewa yake ilipelekwa kwa makundi mawili ya simbilisi, 90 kila kundi. Siku moja wagonjwa walivaa barakoa za upasuaji na hewa ikaenda kundi la kwanza, siku iliyofuata hawakuvaa na hewa ikaenda kundi la pili. Simbilisi walioambukizwa walikuwa 36 upande wa barakoa na 69 upande wa pili. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2012, ni punguzo la hatari ambalo watafiti walilikadiria kuwa asilimia 56, kwa kifaa cha bei ndogo, kilichovaliwa na watu wagonjwa kwa namna ya kawaida.

Tone linapotoka kinywani bado ni kubwa na bichi, na kitambaa kilicho mbele yake hulinasa kabla halijakauka na kuwa chembe ya kuelea. Ndiyo maana kazi hii haihitaji N95, na tena kumvalisha N95 mtu ambaye mapafu yake yamechoka ni kumtesa. N95 zenye vali hazifai kabisa kwa mgonjwa, wala katika chumba cha upasuaji, kwa kuwa vali hufunguka anapotoa pumzi na kuiachia hewa bila kuchujwa.

Starehe, kurudia, na bidhaa bandia

N95 inachosha. Huacha alama puani, huleta kichwa kuuma, na katika joto la Mombasa au Dar es Salaam huloa jasho mapema. Mgonjwa mwenye usikivu hafifu hamwelewi muuguzi aliyeivaa. Ni haki kuyasema haya wakati wa kupanga zamu, kwa sababu mtu aliyechoka huishusha barakoa kidevuni palepale anapoihitaji. Barakoa ya upasuaji ni nyepesi zaidi, lakini nayo ikiloa ibadilishwe, na isivaliwe tena baada ya kuvuliwa.

Kwa upande wa kurudia, N95 inarudisha sehemu ya bei yake. Katika huduma za kifua kikuu, ambapo ugonjwa hauenezwi kwa kugusa barakoa, mhudumu mmoja anaweza kuitumia ileile zaidi ya mara moja, mradi haijaloa, haijachafuka kwa damu, haijakunjika, na mikanda bado inavuta. Kwa upungufu wa mwaka 2020, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilishauri kuvaa isizidi mara 5 pale mtengenezaji asipotoa maelekezo. Ihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi wenye jina la mwenyewe. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu.

Mnunuzi aangalie pia uhalisi. N95 iliyoidhinishwa na NIOSH ina jina la taasisi hiyo lililoandikwa sawasawa, ina namba inayoanza na TC-84A, na ina mikanda ya kichwani. Inayodai kuwa N95 ya NIOSH na ina kamba za masikioni itiliwe shaka mara moja. Kuna pia N95 za upasuaji, zinazochuja na kustahimili majimaji kwa pamoja. Ni ghali, na nafasi yake ni kwa anayemfanyia upasuaji mgonjwa wa kifua kikuu kisichotibiwa bado.

Kugawa kulingana na idara

Mapokezi na benchi la wagonjwa wa nje ndipo pa kuanzia, kwa sababu mgonjwa ambaye hajagunduliwa ndiye anayeambukiza zaidi. Hapo paombe barakoa za upasuaji kwa wingi, apewe kila anayekohoa anapofika, na benchi lihamishiwe barazani penye upepo. Makohozi yatolewe nje, uwanjani, kamwe si chooni wala katika chumba cha uchunguzi.

Leba, chumba cha sindano na chumba cha upasuaji vinahitaji barakoa ya upasuaji inayostahimili majimaji, pamoja na kinga ya macho. N95 isiyo ya upasuaji haikuthibitishwa dhidi ya damu inayoruka.

N95 ziende kwa wauguzi wa wodi na kliniki ya kifua kikuu, kwa wanaohudumia kifua kikuu sugu, na kwa anayeingia chumba cha mgonjwa wa surua au tetekuwanga, hata kama mhudumu huyo ana chanjo. Ziende pia kwa anayeingiza mpira wa kupumulia, anayefanya bronkoskopi (kuchungulia njia za hewa za mapafu kwa mpira wenye kamera), au anayemsaidia mgonjwa kutoa makohozi kwa mvuke. Fundi wa maabara anayeotesha vimelea vya kifua kikuu anahitaji kwanza kabati la usalama, ndipo barakoa.

Wapo wawili wanaosahaulika katika karibu kila orodha ninayoiona. Mfanya usafi hukaa wodini muda mrefu kuliko daktari, na mara nyingi ndiye anayefunga madirisha ili vumbi lisiingie anapofagia. Dereva wa gari la wagonjwa hukaa saa kadhaa na mgonjwa wa rufaa katika nafasi ndogo kuliko chumba chochote cha hospitali, nayo madirisha ya gari hupandishwa kwa sababu ya vumbi la barabarani. Ikiwa fedha zinatosha kuwapima watumishi wachache tu kwa ile kofia ya plastiki, majina ya hawa wawili yaingie kwenye kundi la kwanza, pamoja na muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu.